Mwenge Kwenye Ukuta wa Mama

Uchoraji nilianzia kwenye vibanda vya vinyozi wa Manzese, ndiyo maana kila mtu niliyemchora maishani alionekana ametoka kunyolewa. Hata mkulima wa Ujamaa niliyemchora ukutani kwa mama alikuwa na jembe begani na nywele zilizochanwa zikalala. Mama alimtazama, akaguna.

"Huyu hajalima hata mchicha."

Nilimchora kwa dhiki. Wapimaji walikuwa wamepita mtaani wakiweka alama nyekundu kwenye nyumba zitakazobomolewa kupisha barabara mpya, na ya mama ilikuwamo. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, paa la madebe, vyumba vitatu alivyovijenga mwenyewe baada ya baba kufariki. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwenye maneno kwa nyumba mia, akaja na dawa.

"Nani atathubutu kubomoa Mwenge wa Uhuru? Chora, kijana, uone watakavyonywea."

Basi nikachora. Nilitumia chokaa, masizi ya sufuria, udongo mwekundu na buluu ya kufulia, maana rangi ya dukani ilikuwa imeadimika sawa na sukari. Mwenge ulifunika ile alama yote, mkulima upande huu wa mlango, mfanyakazi na nyundo yake upande ule. Wiki haikwisha, majirani wakawa wananigombania. Watu waliokuwa wakijificha chooni siku ya mkutano wa tawi, sasa kila mmoja alitaka Mwenge. Mwenye kilabu cha pombe alitaka mfanyakazi wake ashike nyundo mkono mmoja na kata ya pombe mkono wa pili. Nikamchorea. Kichwa kilinivimba, sifichi.

Wabomoaji walikuja asubuhi na sururu zao, wakaanzia kwa mama. Msimamizi alisimama mbele ya ukuta, akavua kofia. Vijana wake wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuupiga Mwenge sururu mchana kweupe, balozi akiangalia.

"Mzee, mie huo siugusi," mmoja akasema. "Nina watoto."

Balozi akanikonyeza. Mama akanishika mkono, na nikaamini kabisa kwamba tumepona.

Msimamizi akawaza kidogo, akavaa kofia yake, kisha akawazungusha vijana nyuma ya nyumba. Wakaanza na jiko. Kufika adhuhuri madebe yalikuwa chini na vyumba vyote vitatu vimekuwa kifusi. Ukuta wa mbele tu ndio uliobaki umesimama na mlango wake, haujakwaruzwa popote, mkulima anatabasamu. Balozi alishakumbuka kuwa ana kikao.

Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka. Nilikwenda kumwomba mama radhi. Yeye alikuwa amekaa juu ya godoro lake, nje, anautazama ukuta.

"Umechora vizuri, mwanangu," akasema. "Haya, fungua mlango tuingie ndani."