Mume wa Mama Vero alitibiwa Dodoma: ofisini tukafurahi, mkewe akalia

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya niliyaona kwa macho yangu nikiwa kwenye utafiti wa magonjwa ya zinaa, vijiji vya juu ya Mlali, huku Uluguru. Jina nimebadilisha, na mwenyewe aliniruhusu kusimulia. Chumvi sijaongeza.

Kwanza niwaeleweshe kazi yenyewe, maana wengi mnadhani tunachungulia vyumba vya watu.

Tunapita nyumba kwa nyumba. Mwenye hiari anatoa damu, tunapima kaswende. Tunataka kujua ugonjwa umeenea kiasi gani na unapita njia zipi.

Kaswende ni ugonjwa mjanja. Mtu anaweza kukaa nao miaka, hana kidonda wala maumivu. Na ukikutwa nao leo, huo si ushahidi kwamba mwenzako alichepuka juzi. Hilo naomba mlishike, limevunja ndoa nyingi bure.

Aliyekutwa nao anatibiwa. Halafu inakuja kazi ngumu: kumpata mwenza wake naye atibiwe, la sivyo wanaweza kurudishiana.

Hapo ndipo nilipomjua Mama Vero.

Analima maharage kwenye mteremko ambao ukikanyaga vibaya unajikuta Mlali. Mumewe yuko Dodoma kwenye ujenzi, mwaka wa pili hajaupanda ule mlima. Hela anatuma, simu anapiga. Ila mwenyewe haji.

Majibu yalipotoka kwamba anao, nilimweleza taratibu, huku najiandaa kwa kilio. Akanikatisha.

"Kwa hiyo daktari, lazima na yeye atibiwe?"

"Mimi si daktari, mama. Ndiyo, lazima."

"Basi daktari, lazima aje!"

Wakuu, uso uling'aa. Nimetoa majibu ya aina hiyo mara nyingi, sijawahi kuona mtu akiyafurahia.

Akanieleza. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Shamba lile na kiwanja kile ni vya kwao. Mume ndiye aliyekuja kuishi kwake.

"Wanaume wa kwingine wanarudi kuangalia mashamba yao," alisema. "Wangu hapa hana hata tuta moja. Ana mimi tu. Sasa nimwambie nini, njoo nimekukumbuka? Si atanicheka!"

Sasa alikuwa amepata sababu. Akampigia jioni ile ile.

Mume akachukua namba yangu kwa mkewe, akanipigia akiwa na hofu. Nikamtuliza, nikamwambia ukweli: aende kituo chochote cha afya huko huko aliko, asichelewe. Akaenda.

Ofisini mjini wenzangu wakanipongeza. Mwenza amepatikana, ametibiwa. Kitaalamu hayo ndiyo mafanikio.

Nikapanda mlima na habari njema, maana mume aliniomba nimfikishie mkewe. Nikamkuta anasiliba ukuta wa mbele kwa udongo mpya.

"Mama, ametibiwa. Huko huko Dodoma."

Mkono ukabaki umeganda ukutani.

"Huko huko?"

"Huko huko."

Akakaa chini, akalia. "Yaani daktari, umeniponya na umeniharibia."

Nikakaa karibu naye, ukungu unashuka hadi kwenye migomba. Mwishowe nikamuuliza, kwa sauti ile ile ninayoelekezea dawa: "Mama, ile sababu uliyonieleza mimi, yeye umewahi kumwambia?"

Akanikodolea macho. Kisha akafuta mikono kwenye khanga, akatoa simu, akaweka sauti ya juu, akaniashiria nisiondoke.

"Baba Vero, nasikia umetibiwa. Hongera. Kwa hiyo hakuna tena shida ya kukuleta huku." Akautazama ukuta. "Njoo hivyo hivyo. Nimekukumbuka."

Ilisikika mashine ya kuchanganya zege tu.

Halafu sauti ikauliza, pole pole: "Maharage yametoa maua?"

"Njoo uyaone mwenyewe!" Alicheka huku machozi yanamtoka.

Kazi yetu kijijini pale iliisha maharage yakiwa bado mabichi. Kama alikuja, sijui. Nilipopita kuaga, ukuta ulikuwa umekamilika, na njia yote ya kushukia barabarani ilikuwa imefyekwa.

Jioni ile nikiwa kwangu Mafiga, mjini, nikampigia mke wangu, mwalimu aliyepangiwa Tabora. Akashtuka: "Kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, nimekukumbuka. Kumbe na mimi huwa napiga nikiwa na la kupigia.

Wakuu, kapimeni. Mkikutwa nao mtibiwe wote wawili, popote mlipo; tiba ipo na inaponya. Ila yale yasiyotibiwa kwa sindano, msisubiri ugonjwa uwasemee.

Mlio mbali na wenza wenu, mara ya mwisho mliwapigia bila sababu ilikuwa lini? Andikeni, nasoma zote, na hakuna wa kuchekwa hapa.

Na kama humu yupo fundi wa Dodoma mwenye mke juu ya Mlali: mkuu, maharage yatakuwa yameiva.