Kamongo Chini ya Magunia

Harufu ya petroli iliyochanganyika na tope bado hunikaza taya. Ndiyo iliyokuwa harufu ya Baba, na ya kijito kilichopita nyuma ya nyumba yetu, chini ya kilima cha Kyambogo, Kampala. Baba, Mnubi, mjukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, alikuwa amekiziba kijito hicho kwa magunia ya udongo ili apate bwawa la kuoshea magari na bodaboda. Bwawa hilo ndilo lililotulisha. Oili ilitanda juu yake kwa rangi za kupendeza, lakini baada ya magunia hapakubaki mto bali uji mweusi, ambamo samaki wachache walielea matumbo juu wakivimba kwa jua. Sisi watoto tuliwapiga kwa fimbo hadi wapasuke. Hatukujua mchezo mwingine wa mtoni.

Mwaka mmoja, mvua zilipokaribia, wakazi walikubaliana kukifungua kijito na kurudisha mafunjo kandokando, ili kambale na kamongo, samaki mrefu avutaye hewa na kuishi hata topeni, wapande tena kutoka kwenye kinamasi kuja kuzaa. Aliyewaongoza alikuwa jirani yetu Ssalongo, baba wa mapacha, Muganda wa ukoo wa Mmamba. Mmamba ndilo jina la kamongo kwa Kiganda, na watu wa ukoo huo hawamli samaki huyo wala kumdhuru. Kwao ni ndugu. Ssalongo alipanda mafunjo mchana, Baba akayafyeka jioni kwa panga huku akitukana. Yakapandwa tena, yakafyekwa tena. Hasira iliyobaki tuliletewa nyumbani: sahani zilipasuka ukutani, na Mama alijifunza kutofungua mdomo hadi Baba alale. Nilimchukia Ssalongo kwa moyo wangu wote, na mapacha wake niliwapiga mawe njiani.

Asubuhi waliyokuja kuvunja magunia, Baba alisimama juu yake na koleo mkononi. Hawakumjali. Walilipasua gunia la kwanza kwa majembe, maji yakalibeba la pili, kisha bwawa zima likatoka kwa kishindo na kumwangusha Baba topeni. Tope lile likasogea. Kamongo mnene kama paja la mtu alijinyonganyonga kutoka chini ya magunia, mahali ambapo hakuna aliyedhani kitu kingeweza kuishi. Watu walisogea kumtazama, wengine wakianza kutabasamu. Baba akainuka, akainua koleo, akampiga kichwani.

"Mzee, wacha yeye," Ssalongo alisema. "Huyo si samaki ya kula. Ni ndugu yangu."

"Ndugu yako akiishi, watoto yangu watakula nini?" Baba alijibu, akapiga tena, damu ikamrukia usoni.

Ssalongo alizungusha mpini wa jembe, nami nikausikia mkono wa Baba ukivunjika, mlio mkavu kama wa kuni. Baba akamrukia kwa mkono uliobaki na kumng'ata shavu, wakagaagaa topeni, damu yao ikichanganyika na ya samaki, na wanaume wazima wakashindwa kuwatenganisha. Mama alipiga yowe hadi sauti ikamkauka. Kamongo, kichwa kimepasuka, alijiburuta kando yao hadi kwenye maji yaliyofunguka, akaenda zake.

Mkono wa Baba ulipona ukiwa umepinda. Hakuosha gari tena. Mama ndiye aliyetulisha, akikaanga chapati kando ya barabara. Leo mafunjo yamenipita kimo, maji yanaonyesha mawe ya chini, na kambale hupanda kila mvua ikinyesha. Wageni huja kupiga picha. Kijito ni kizuri, nasema wazi, kizuri mara nyingi kuliko kile cha utotoni mwangu, na kila nikikitazama nausikia ule mlio. Ssalongo amezeeka na kovu la meno shavuni. Hadi leo hawasalimiani na Baba.

Juzi nilimpeleka binti yangu darajani. Kamongo alipanda juu kuvuta hewa, akazama, na mtoto akacheka kwa furaha akiuliza nani aliwaleta samaki hao. Nikamwambia ni Ssalongo. Jioni akamsimulia babu yake yote. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakunja mkono wa shati na kumwekea mapajani ule mkono uliopinda.

"Shika hapa," alimwambia. "Maji yalipita hapa."