Zamu ya Kutoa Habari

Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alimsemesha mkuu wa skuli yake, mama mtu mzima aliyevaa abaya ya kupendeza, kwa maneno ya kumsemesha mwanamume. Siku hiyo hiyo dereva wa basi, baba mwenye sharubu, akamfanya mwanamke. Kwa Kiarabu ni vigumu kumtaja mtu bila kuonyesha kama ni wa kike au wa kiume, na sisi nyumbani tunazungumza Kiswahili cha Unguja, ambacho kwacho mtu yeyote ni "yeye" tu, basi. Wenzake walicheka. Naye akacheka pamoja nao, hakuona ubaya wowote. Aliyeuona ni mimi.

Nilikuwa na sababu. Nilifika Maskati kutoka Unguja nikiwa na miaka tisa, na wiki ya kwanza nilimkaribisha kahawa mgeni wa baba yangu, mzee mwenye khanjari kiunoni, kwa maneno ya kike. Majlis nzima ya wanaume ikaangua kicheko. Binamu zangu walinitania kwa jambo hilo mpaka nilipoolewa. Niliapa mwanangu hatopitia hayo.

Kwa hiyo mwalimu wake alipoita wazazi, nilikwenda nimejifunga kibwebwe. Skuli yenyewe ni ndogo, ya maandalizi, huko Wattaya nyuma ya maduka ya magari. Swali lilikuwa moja: watoto wadogo hivi wafundishwe "huwa" wa kiume na "hiya" wa kike, au waachwe kwanza? Baba mmoja alisema waachwe wacheze, wataokota wenyewe. Mimi nikasema wafundishwe kila siku, kwa picha na kwa mtihani, na anayekosea akosolewe papo hapo. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mwalimu, tunamwita Abla kama walimu wengi wa kike hapa, ni msichana wa Qurayyat anayeendesha gari saa nzima kila asubuhi kuja kazini, na sijapata kumuona amenuna. Alitusikiliza sote mpaka mwisho. Kisha akasema anafundisha, ila si kwa njia niliyoitaka mimi. Kila asubuhi watoto hukaa chini kwa duara, hula tende, halafu huulizana habari kama wageni wanavyoulizana huku Oman, ambako mtu haanzi kueleza kilichomleta kabla hajaulizwa habari za alikotoka. Mtoto humuuliza jirani yake, jirani humjibu kwa sauti, kisha muulizaji huliambia darasa zima habari za mwenzake. Yeyote akikosea, Abla hamkosoi. Huipokea ile habari na kuirudia kwa maneno sahihi, kana kwamba imemfurahisha tu, na zamu inasonga mbele. Alituomba tumpe mpaka mwisho wa muhula.

Nilimkubalia kwa mdomo. Moyoni nilimuona mzembe, na nilipofika nyumbani nikapitisha sheria yangu: kuanzia leo, Kiswahili basi mbele ya mtoto. Mume wangu aliguna. Mama yangu, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto mimi nikiwa kazini wizarani, alikuwa anachambua mchele. Kiarabu chake ni cha sokoni na cha kuswalia. Akaniuliza, "Hata mie?" Nikamwambia hata wewe, Mama, kwa faida yake. Akasema sawa, akaendelea na mchele wake.

Kwa wiki tatu nyumba ilikuwa kimya, nami nikajipongeza. Ndipo Abla akanipigia simu kuniomba nipite skuli. Alinikalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni, akaniambia binti yangu hakosei tena. Nilitaka kushukuru. Akaendelea kwamba hakosei kwa sababu hasemi.

"Akiulizwa na mwenzake, anasema hana habari," aliniambia. "Na yeye ndiye aliyekuwa nazo nyingi kuliko wote."

Akafungua daftari lake. Kumbe kila siku anaandika habari ya kila mtoto, watoto ishirini na mmoja, kwa mwandiko safi ambao mimi siuwezi hata nikiwa nimekaa mezani. Paka wa jirani kazaa ndani ya kikapu cha nguo. Bibi kapika mkate wa kumimina, umeungua upande mmoja, wamekula upande wa pili. Bibi kaota anapanda ngazi ya nyumba yao Unguja, na ngazi haiishi. Karibu kila habari ya mwanangu ilitoka kwa bibi yake. Pembeni Abla alikuwa ameweka alama ndogo: kurasa za mwanzo bibi alikuwa mwanamume, kurasa za kati mara hivi mara vile, na siku nne za mwisho kabla ya sheria yangu alikuwa mwanamke, siku zote nne, bila mtihani wala kukaripiwa.

Kisha akaniuliza, kwa upole sana, kama bibi ni mgonjwa. Niliona usoni mwake kuwa alihofia jibu baya zaidi ya hilo. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamweleza nilichofanya, na nilikieleza vibaya, nikirudi nyuma na kujitetea. Hakunilaumu. Aliniacha nikamaliza, akasema, "Kumbe bibi yupo na ni mzima. Alhamdulillahi. Basi tutapata habari." Nikatambua kwamba alinifanya kama anavyowafanya watoto wake: ameipokea habari yangu na kuirudia vizuri kuliko nilivyoisema. Sijui amejifunza wapi hayo akiwa na umri ule. Mimi na utu uzima wangu sijayaweza.

Nyumbani niliwakuta wamekaa kwenye zulia, mtoto anachora, mama yangu anamtazama. Nikamwambia Mama, zungumza naye Kiswahili, mwalimu amesema.

"Mwalimu kasema, au wewe?"

"Mie, Mama. Nimekosea."

Akaacha kumtazama mtoto, akanitazama mimi. "Nilidhani unanionea haya, mwanangu."

Nilitaka kukataa, na ningekataa siku nyingine yoyote. Nikakaa chini karibu naye nikamwambia ndiyo, nilikuonea haya, na nnaomba radhi. Machozi yalinitoka. Hakusema amenisamehe. Alinishika mkono, akaushikilia, akamgeukia mjukuu wake.

"Weka kalamu, njoo hapa," alimwambia. "Nna maneno ya wiki tatu."