Sweta la Buluu Lililotoa Cheche

Anayewajibika kwa kupotea kwa sweta langu la buluu ni dada yangu Restituta, wala si nondo, kama anavyopenda kuwaeleza watoto wake. Nimestaafu utumishi wa ofisi ya wilaya, na sikuzoea kufunga jambo lisilo na mhusika.

Enzi zetu, biashara ya mitumba ilipokuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa, baba alishuka sokoni Kiboriloni na mikungu ya ndizi akarudi na sweta hilo: zito, refu hadi magotini, la kuvalia kichwani. Nguo hizo tuliziita kafa Ulaya, kwa kuwa tuliamini mwenyewe lazima awe amekufa ndipo zikauzwa. Mimi sikujali aliyekufa ni nani. Kwa baridi ya huku mlimani, nilikuwa nikienda shule nimeingiza mikono ndani ya shati kama kuku aliyenyeshewa. Sasa nilitembea kifua mbele.

Ikawa Januari, hewa imekauka, vumbi limetanda kihambani, shambani kwetu kwa migomba. Jioni moja mama anakoroga mtori, kibatari hakijawashwa, nikavua sweta. Likalia kama chumvi iliyotupwa motoni, na cheche za buluu zikanitambaa kichwani.

“Mzungu wake kaja!” Restituta akapiga yowe. “Anadai sweta lake!”

Bibi, mama yake baba, hakupiga yowe. Alilichukua kwa ncha ya fimbo, akalitundika uani na kulifunga jani la isale, ule mmea tunaoombea msamaha.

“Jumamosi litarudi sokoni,” aliamua. “Hatugombani na marehemu tusiyemjua.”

Nililia hadi mtori ukapoa. Asubuhi nikarudi kwenye mtindo wangu wa kuku. Mwalimu Aloyce, aliyetufundisha sayansi, akaniuliza shuleni, “Bwana mkubwa, sweta liko wapi?”

“Limekamatwa na bibi yake, mwalimu!” darasa zima likanijibia.

Hakucheka. Jioni hiyohiyo alifika kwetu na rula ya plastiki mfukoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwalimu. Kama umetumwa na marehemu, kaa tuzungumze.”

Aliisugua rula kwenye nywele zake, akaisogeza karibu na vipande vya karatasi. Vikaruka na kuganda kwenye rula. Bibi akakunja miguu chini ya kanga. Ndipo mwalimu akaeleza, taratibu, kwamba kila kitu, hata sweta, hata nywele zangu, kimeundwa kwa atomi, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila atomi ina kiini chenye chaji chanya, na pembeni yake kuna elektroni zenye chaji hasi. Vitu viwili vikisuguana, elektroni za kimoja huhamia kwa kingine. Kimoja kikabaki na upungufu, kingine na ziada. Tofauti hiyo ikizidi, elektroni huruka hewani kurudisha mizani, nasi tukaona cheche.

“Na radi ni hivyohivyo, bibi. Ndani ya wingu chembe za barafu hugongana, chaji zikatengana, halafu umeme ukaruka. Hakuna anayedai kitu.”

Bibi aliinua macho. Kibo ilikuwa imejifunika wingu hadi mabegani.

“Kwa hiyo mlima nao unavaa mitumba?”

Baba alicheka mpaka akakohoa. Bibi akalifungua sweta uani, akanivalisha kwa mikono yake, lakini jani la isale akalishonea ndani ya pindo. “Hili litabaki,” alisema. “Hizo elektroni nazo tuziombe radhi.”

Tangu siku hiyo, kiangazi chote, watoto wa jirani walikuja kwetu jioni kutazama nikivua sweta gizani. Hiyo ndiyo iliyokuwa sinema yetu: bure, fupi, na kila mara tulishangilia kana kwamba hatujawahi kuiona. Sikumbuki furaha iliyonigharimu kidogo kuliko ile.

Leo nyumbani kuna umeme hadi kwenye banda la ng'ombe. Krismasi iliyopita nilizima taa sebuleni, nikavaa sweta jipya ili niwaonyeshe wajukuu cheche. “Babu, umeme umekatika?” wakauliza, na kabla sijalivua hadi shingoni wakawasha tochi za simu. Cheche haikuonekana. Siwalaumu sana, hawajawahi kupata giza la kutosha.

Ninayemlaumu ni yule niliyemtaja mwanzo. Nilipokwenda shule ya bweni, Restituta alilifumua sweta lile akamfumia mtoto wake wa kwanza kofia, bila idhini ya mwenye mali. Nina taarifa za kuaminika kwamba kofia hiyo ingali sandukuni mwake.

Kwa hiyo ninamtaka, Krismasi hii ukoo utakapokusanyika, asimame mbele yetu sote, aeleze ni nani aliyemruhusu, na jani la isale alilipeleka wapi. Kofia iwasilishwe siku hiyohiyo, taa zizimwe, simu zikusanywe kapuni, na nyuzi zangu zikaguliwe gizani, kichwani mwangu mwenyewe.