Kiroba Alichokikalia Mtani

Kabla maji hayajakatika nilikuwa na mgahawa. Ulikuwa kichwani tu, lakini ulishapata mapazia ya maua na birika kubwa la chai ya maziwa, kando ya barabara ya kushukia Mlali. Maziwa yangetoka kwa mama mmoja mfugaji wa bondeni, aliyepanda hadi kwetu kila asubuhi na dumu lake, akituita wote "wanangu." Kaka yangu alinicheka sana.

"Niwekee meza ya mlangoni," aliniambia, "nikishindwa kulipa nitoke mbio."

Basi bomba la kijiji likakauka. Ni lile la plastiki nyeusi linaloshuka kutoka chemchemi ya mlimani, limelazwa tu juu ya ardhi, linapita katikati ya mashamba. Kilikuwa kiangazi, tunasafisha mashamba kungojea vuli. Siku hizohizo ng'ombe wakaingia kwenye bustani ya nyanya ya mtu kule chini. Mambo hayo mawili yakaunganishwa, sijui na nani, na kabla hatujakaa sawa ikawa wafugaji wamekata maji yetu ili tuhame.

Mama wa maziwa akaacha kupanda. Watu wakasema anajificha kwa kuwa anajua walichofanya wenzake. Mimi niliwaza labda ameona tulivyoanza kumtazama. Sikusema. Wakati ule ukifungua mdomo, jirani anakuangalia kama ndiyo kwanza anakuona.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Habari ilitutangulia: vijana washuke bondeni alfajiri ya kesho yake, na silaha, wakawafurushe wafugaji. Wa mbele awe kaka, kwa sababu amepita mgambo. Mama yetu alilificha panga la kaka chini ya gunia la mahindi. Kaka akalikuta. Walikula ugali bila kusemeshana, na mimi katikati nikijifanya mboga imenikolea.

Mkutanoni mwenyekiti alikuwa na kiroba, kimefungwa kamba mdomoni, kimeumuka.

"Ndugu wananchi, hii ni vita," alisema. "Na ushahidi upo. Umo humu."

"Tuuone, mwenyekiti," akasema mzee mmoja.

"Mzee wangu, ushahidi wa serikali hauanikwi kama mpunga. Mkiuona ninyi, adui naye kesha kuuona. Niaminini."

"Tunakuamini, ila macho yetu nayo yanataka kazi."

Watu wakaguna. Mwingine akanong'ona kwamba humo mna mishale yenye sumu, mwingine akasema nguo yenye damu. Nilikitazama kile kiroba mpaka nikaanza kuona kinapumua. Kaka alikuwa amesimama mbele, anajikuna shingo. Alikuwa anaogopa. Namjua, akiogopa hujikuna shingo.

Hapo akatokea bibi wa Kinyamwezi anayeuza vitumbua. Wazazi wake walikuja huku zamani, enzi za mashamba ya mkonge, na Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani. Alipita katikati ya watu, akafika mbele, akakaa juu ya kiroba. Akanyoosha miguu.

"Nimechoka," akasema. "Ahsante kwa kiti, mtani."

Watu wakaangua kicheko.

"Bibi, inuka. Hiyo ni mali ya serikali."

"Na mimi makalio yangu ni ya serikali? Mtani, ninyi mmezoea kukwea milima kama kima, mimi miguu imeisha. Siondoki mpaka nijue nimekalia nini. Kama ni mishale, mbona hainichomi?"

Mgambo mmoja alisogea amshike mkono. Uwanja mzima ukapiga kelele: "Mtani huyo! Mguse uone!" Kwetu mtani hata akujie msibani akalale kaburini kabla ya marehemu, humgombezi. Ukimkasirikia, aibu ni yako, na ukoo wako utakusema mpaka uzeeni. Mwenyekiti alilijua hilo. Akajifuta jasho, akatazama huku na huku, akamwita kaka. "Kifungue, basi."

Bibi akainuka, anatabasamu kama bibi harusi.

Ndani mlikuwa na turubai kuukuu, limekunjwakunjwa kujaza nafasi, na kipande cha bomba letu. Basi. Kaka alikiinua juu. Ncha zake zilikuwa zimeyeyuka, zimejikunja kama midomo ya mtu anayelia, na majivu yamegandia humo.

Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa tumechoma mashamba. Sisi pia: mimi ndiye niliyebeba kijinga cha moto, mama akinielekeza.

"Kumbe ng'ombe wa bondeni wanatema moto!" akasema bibi.

Mwenyekiti akakohoa. "Ushahidi mwingine uko wilayani."

"Sawa, mwenyekiti," akasema kaka. "Uletwe. Tuuone wote, hapahapa, mchana kweupe. Mpaka siku hiyo panga langu ni la migomba."

Alfajiri ile vijana walipanda mlimani badala ya kushuka. Waliunga bomba, wakalichimbia mtaro. Maji yakarudi, mekundu kwanza, halafu meupe. Lakini mimi roho haijatulia. Yule aliyekiokota kile kipande akakitia kirobani alikishika kwa mikono yake; hakuziona zile ncha? Kila mkutano mtu huuliza, "Ule wa wilayani umefika?" na mwenyekiti hufungua ajenda nyingine.

Baada ya muda nilishuka bondeni na dumu tupu. Mama wa maziwa alikuwa nje ya boma lake. Nikamwamkia shikamoo. Alinitazama mikono kwanza, ndipo uso.

"Marahaba," akasema. Hakuniita mwanangu.

Akaingia ndani, akatoka na maziwa. Kabla hajanijazia, alimimina kidogo kwenye kifuniko, akanywa mwenyewe mbele yangu hadi tone la mwisho, wala sikuwa nimemwomba ayaonje kwanza. Akanionyesha kifuniko kitupu.

Nilitaka kumwambia habari za mapazia. Nikaona si siku yake. Nikachukua kifuniko, nikamwomba animiminie na mimi, nikanywa nimesimama pale pale.