Corona, baba yangu na muadhini wa msikiti wetu

Wakuu, amani iwe juu yenu. Hili sikusimuliwa na mtu, limetokea kwetu Mji Mkongwe na mpaka leo linaniuma.

Baba yangu, Makame, na Mzee Khamis, muadhini wetu, walikuwa marafiki tangu utotoni. Msikitini bega kwa bega safu ya mbele, baada ya isha kahawa barazani.

Corona ikaingia. Baba akashika hadithi ya Mtume kuhusu tauni, kwamba anayetulia kwake kwa subira ana ujira wa shahidi. Akawa anaswali nyumbani.

Mzee Khamis akasema balaa huondolewa kwa kujaa msikitini na kusoma dua ya kunuti, siyo kujifungia.

Nilidhani mjadala tu, utaisha. Kumbe wazee wakibishana dini, hata ubishi wa vijana wa mpira una nafuu!

Siku moja Mzee Khamis akasema barazani, mbele ya watu, "Makame kaikimbia kadari." Maneno yakamfikia baba. Tangu siku hiyo kahawa ya barazani ndiyo ikafa.

Kisha Mzee Khamis akaugua, kifua kimembana. Baba aliposikia akavaa kanzu, msimamo wake wote akauacha nyumbani. Nikamsindikiza.

Akapiga hodi. Sauti ikatoka ndani, dhaifu:

"Makame? Usiingie, ndugu yangu. Leo mie nnaifuata hadithi yako. Rudi, usije ukaambukizwa."

Baba akabaki na mkono mlangoni.

"Haya, ntarudi ukipoa."

Njiani akaniambia radhi anataka waombane wamekaa uso kwa uso, siyo kupigiana kelele mlangoni.

Hakupoa. Tukamzika.

Hali ilipotulia baba akarudi msikitini. Imamu akasema tuzibe mianya. Safu nzima ikasogea, baba hakusogea. Kulia kwake pakabaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyethubutu kuingia. Nikaingia mimi.

Baada ya salamu akageuka kulia kutoa mkono, kama miaka yote. Akanikuta mimi. Akaushika mkono wangu, machozi yanamtoka, hakuuachia.

Wakuu, dini haikuwagombanisha. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na kila mmoja alimpenda mwenzake. Radhi tu ndiyo waliisubirisha, na najuta sikumwambia baba aiombe palepale mlangoni.

Kwenu ilikuwaje? Karibuni kwenye comments. Ila kama kuna mtu mlikosana wakati ule na bado yu hai, mpigie kwanza, uzi utaukuta.