Nilimtukana Marehemu Mbele ya Mama Yake

Nimewahi kumtukana marehemu kanisani, jeneza likiwa mbele ya altare na mama yake mzazi amekaa benchi la kwanza.

Niliombwa.

Tena kanisa lenyewe lilikuwa Ujerumani. Mimi nilikuwa Mgeta, nyuma ya kigango chetu, kwenye kale kasehemu kamoja kanakoshika mtandao, simu mkononi.

Wanaonifahamu watasema, "Babu Raphael kaanza." Sawa. Uongo ninao, tena wa gunia. Huu wa leo ningependa sana uwe uongo.

Frank aliletwa kwetu na parokia. Mwanafunzi wa chuo huko kwao, miaka ishirini na mitatu, akae miezi sita ajue Kiswahili. Mimi na mke wangu Yuliana tukampa chumba cha binti yetu aliyeolewa.

Shida ikawa moja: hakuna aliyemrekebisha.

Jumapili akisoma somo la kwanza, anaponda maneno mpaka nabii mwenyewe asingejitambua. Tukitoka nje, kina mama wanampa mkono. "Hongera baba, Kiswahili chako kizuri."

Jioni moja tunamenya njegere, akaniambia, "Mzee, watu wananiheshimu sana. Miezi miwili, sijui kitu. Nitarudi nyumbani bubu."

Iliniuma. Na mimi nikiumia huwa natunga.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nikasimama. Nikasema babu wa babu yangu alipigana mieleka na Mjerumani pale mtoni kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, wakachoka, wakala kiporo sahani moja. Kwa hiyo sisi Waluguru na Wajerumani ni watani. Kuanzia leo, anayemwonea Frank aibu anavunja mila.

Hakuna kitu kama hicho duniani. Nilikitunga nikiwa kwenye foleni ya komunyo.

Katekista Petro alinitazama kwa jicho la "we mzee wewe". Akakausha.

Mtani, kwa wasiojua, anakusema anavyotaka na hununi. Ukifiwa, yeye ndiye anayesimama mbele ya jeneza na kumkebehi marehemu, na wafiwa wanamjibu, mpaka watu wacheke kidogo wapate nguvu ya kuzika. Nilimweleza Frank yote. Akaandika kwenye daftari.

Hapo ngoma ikabadilika.

Kwenye kwaya: "We Frank, hiyo sauti au umekanyagwa?"

Gengeni, Mwanvita muuza kabichi: "Mbona unahesabu kama unatubu?"

Frank akafikiri. Akasema, "Afadhali mimi natubu. Wewe na mizani yako mtaenda motoni pamoja."

Genge zima likaanguka kwa kicheko. Nilijua kijana kaivaa lugha.

Mimi akawa ananisalimia kila asubuhi, "Shikamoo, kaburi linalotembea."

"Marahaba, mzungu usiyeiva."

Siku ya kuondoka alinitukana dakika kumi bila kukosea neno. Yuliana alilia mpaka akaunguza maharage.

Akawa ananitumia sauti WhatsApp. Ndefu. Baadaye fupi. Baadaye moja kwa mwezi.

Nikamchapa: "Umekuwa mvivu, hata matusi yamekushinda?"

Akajibu anahema. "Nisamehe mtani. Napanda kilima."

Aliwahi kuniambia kwao ni tambarare tupu. Sikujiuliza.

Mwezi wa tatu akanipigia Padri Elia, kijana wa huku huku milimani anayetumikia parokia ya kina Frank.

"Shikamoo babu." Sauti yake tu ilishaniambia kuna msiba.

Frank amefariki. Saratani ya damu. Maziko Alhamisi.

"Ameacha agizo, babu. Misa isiishe mtani wake hajasema." Kisha akaniuliza, "Lakini babu, utani gani na Wajerumani? Mimi Mluguru, sijawahi kuusikia."

"Niliutunga, Padri."

"Sasa wazazi wake niwaambie nini?"

"Waambie mzee anaumwa. Siwezi kumkebehi mtoto wa watu ndani ya jeneza kwa utani wa uongo. Hiyo itakuwa dhihaka."

Yuliana akaninyang'anya simu. "Atasema, Padri."

Akakata, akanigeukia. "Ulimpa kabila mbele ya kanisa zima. Leo amelala, unamvua?"

Nikaichukua simu, nikaiweka chaji.

Alhamisi tukasimama wawili nyuma ya kigango. Kwenye kioo cha simu naona maua, jeneza, watu wamekaa kimya kama wamekatazwa kupumua. Padri Elia ameshika kipaza sauti, anasubiri kutafsiri.

Nikasema, "We Frank. Toka humo. Hicho kitanda ni cha watu wazima."

Padri akatafsiri. Hakuna aliyecheka.

Nikataka kukata simu. Yuliana akanishika kiuno kwa nyuma. "Endelea."

"Ugali ulikushinda, tonge unalikunja kama barua. Maji baridi ya Mgeta yalikushinda, unaoga kwa vituo, leo mkono, kesho mguu. Hata kuzeeka, kazi ambayo mbuzi anaiweza, nayo imekushinda."

Padri Elia alichelewa kutafsiri hiyo. Alipomaliza, nikasikia mtu mmoja anacheka huku analia.

Mama yake.

Akainuka, akaenda kwenye kipaza sauti na karatasi. Padri akaniambia, "Babu, wafiwa wanajibu. Aliyeandika ni Frank."

Mama akasoma Kiswahili, neno moja moja, kama anavuka mto juu ya mawe.

"Mtani. Zamu ilikuwa yako. Hata kufa umechelewa."

Nikacheka. Wallahi nilicheka.

Akageuza karatasi.

"Najua ulinidanganya. Bibi Yuliana aliniambia wiki ile ile. Nilinyamaza. Nilijua nimeanza kuumwa, na nilitaka ndugu mmoja ambaye hatanionea huruma."

Nikamgeukia Yuliana. Alikuwa anatazama chini.

"Na wewe hukuniambia?" nikamuuliza, kama mjinga.

"Yeye ndiye aliyeniomba nisiseme," akasema. "Ungejua anaumwa, ungeanza kumwambia Kiswahili chake kizuri."

Kanisa zima kule lilikuwa linanisubiri. Ilikuwa zamu yangu kujibu. Nina miaka sitini na tisa, sijawahi kukosa la kusema mbele ya mtu.

Siku ile nilikosa.

Wanangu, tanianeni, siwakatazi. Ila ukimpa mtu undugu, hata kwa mzaha, umempa na haki ya kufa mikononi mwako. Hutachagua siku atakayokuja kuidai.

Yuliana alitandika mikeka uani, tukaweka matanga siku tatu. Wapita njia wakauliza, "Nani amefariki?"

Akawajibu, "Wa kwetu."

Wakavua viatu, wakakaa.